Katani Niliyoikuta Ulaya



Habari ninayotaka kuwasimulia leo ni habari ya kamba. Najua wengine mtasema, kamba nayo ina habari gani? Kamba ni ya kufungia mbuzi na kutekea maji kisimani, basi. Nami nilisema hivyo hivyo kwa miaka mingi, ingawa nilizaliwa katikati ya kamba na nikalishwa kwa kamba. Lakini mwaka 2023 nilisimama mbele ya kamba mahali nisipotazamia kabisa, nikaona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Yafaa nianze nyumbani.

Baba yangu ni mtu wa Songea. Mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka 19, alijiandikisha kwa watu wa Silabu, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya vijana wa bara na kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge. Vijana hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na msimamizi alimjua kwa namba yake kabla hajalijua jina lake la ubatizo. Baba alishuka Korogwe na sanduku la bati, akidhani atafanya kazi kwa muda wa mkataba, apate fedha za mahari, arudi kwao. Hakurudi. Alimwoa mama huko huko kambini, nami nikazaliwa kambini mwaka 1964.

Wasomaji walio mbali na Tanga huenda hawaujui mkonge vizuri. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na mwaka 1893 ikafika pwani yetu miche 62 tu iliyo hai. Katika hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba yale yote, safu kwa safu, mpaka mtu akipanda kilima haoni kitu kingine. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani, wala hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyotushinda. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakaota majani.

Jani la mkonge ni zito, lakini uzito wake ni maji. Katika kilo 100 za majani hutoka kilo 4 hivi za katani. Watu hukata majani kwa kisu, huondoa mwiba wa ncha, huyafunga thelathini thelathini, huyapakia katika behewa dogo la reli, nayo huenda korona. Korona ni mashine yenye magurudumu makubwa yanayoliponda jani na kulikwangua huku maji yakimwagika, mpaka nyama yote ya jani itoke, zibaki nyuzi. Harufu ya maji yale, aliyepata kuishi karibu nayo haisahau. Ni chachu, na inaingia hata kwenye ugali.

Mwaka 1968 korona ilichukua vidole viwili vya mkono wa kuume wa baba. Shamba silitaji, na msimamizi wa siku ile amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Baba alipewa fedha kidogo, akaondolewa mashineni, akapelekwa kwenye nyaya ambako katani huanikwa juani. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake na vijana, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza.

Huko kwenye nyaya ndiko alikoanza ufundi wake. Chini ya nyaya huanguka nyuzi fupi fupi zisizofaa kufungwa marobota. Baba aliziokota, jioni akazisokota pajani kwa vidole vitatu na kiganja. Akachimbia miti minne nyuma ya nyumba, akafunga nyuzi za kusimama, akaanza kufuma. Hakufundishwa na mtu. Alifuma mazulia mazito, yenye manyoya yaliyotokeza huku na huku kama mgongo wa mnyama. Madereva waliotoka pwani walimletea magome ya mkoko, akayachemsha katika debe, akatia katani humo, ikatoka nyekundu iliyoiva, kama udongo wa Lushoto wakati wa mvua. Mama alilalamika juu ya debe, kwa maana halikufaa tena kwa maji ya kunywa.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini sitapita.

Mwaka 1978 nilipokelewa seminari ndogo. Wenzangu wengi walikuwa wana wa walimu, makatekista na wakulima wenye kahawa. Usiku wa kwanza bwenini tuliulizana habari za wazazi. Nilipofikiwa mimi nikasema, "Baba yangu ni karani katika ofisi ya shamba." Neno lilitoka lenyewe. Na ukisha kumfanya baba yako karani, ndugu wasomaji, huwezi kesho yake kumrudisha kwenye nyaya.

Siku ya sikukuu ya somo wa seminari wazazi walikaribishwa. Baba alikuja kwa basi, amevaa shati jeupe la Jumapili, na begani amebeba zulia jekundu lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Alikuwa amelifuma miezi mitatu ili nikanyage kitu chenye joto nikishuka kitandani asubuhi, kwa sababu alisikia kwamba kule milimani kuna baridi. Nilimwona tangu getini. Kijana mmoja aliyesimama nami akaniuliza, "Yule ni nani anayekupungia mkono?" Nikasema, "Ni mjumbe. Ametumwa na baba."

Hakuna jogoo aliyewika. Kulikuwa na kelele za mpira tu.

Nilimpokea, nikampeleka upande wa jikoni kula, nikamsindikiza mapema kwenye basi. Zulia lile sikulitandika. Nilimpa kijana aliyelisha nguruwe, naye akaliweka katika banda, na nguruwe mmoja mwenye watoto akalalia. Dhambi ile niliiungama kwa Padri Gombera kabla ya Krismasi, naye akanipa malipizi, nikayatimiza. Lakini baba sikumwambia neno. Niliacha seminari baada ya kidato cha nne, nikawa mwalimu, nikaoa, nikazaa, nikastaafu, na muda huo wote sikumwambia.

Basi, mwanangu mmoja ni muuguzi Uingereza. Mwezi wa Februari 2023 alitualika mimi na mama yake kwenda kumtazama. Baridi ya kule sitaieleza. Aliyekwenda anaijua, na ambaye hajaenda hatasadiki. Siku moja alipokuwa na mapumziko akaniambia, "Baba, mjini London kuna maonyesho ya mkonge. Twende ukaone." Nikacheka. Mkonge London? Nikafikiri ni maonyesho ya kilimo, yenye matrekta.

Tulikwenda mpaka kwenye nyumba kubwa ya matofali kando ya mto Thames. Zamani ilikuwa na mitambo ya kufulia umeme, na tangu mwaka 2000 ni jumba la sanaa liitwalo Tate Modern. Kuingia humo ni bure, lakini maonyesho yale yalitaka tikiti, na bei ya tikiti moja sikuipenda. Mwanangu alilipa bila kuniambia, mimi nikaisoma mwenyewe.

Tukaingia katika chumba kikubwa chenye mwanga hafifu. Vitu vilikuwa vimening'inizwa kutoka darini, vikubwa kuliko mtu, vikubwa kuliko mlango wa kanisa letu la kigango. Vingine vya kahawia, vingine vyeusi, vingine vya rangi ya machungwa. Vilikuwa na mikunjo na mipasuko, na nyuzi nene zikishuka mpaka chini. Kwanza nilidhani ni ngozi za wanyama nisiowajua. Kimoja kilikuwa kama joho la askofu lililotundikwa bila askofu. Mtu aliweza kutembea katikati ya vitu hivyo kama anavyotembea msituni. Mke wangu akashika rozari yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu umetuleta wapi?"

Nikasogea. Pua yangu ikatambua kabla ya macho. Harufu ilikuwa ndogo sana, kama ya stoo iliyofungwa siku nyingi, lakini ilikuwa yenyewe. Nikatazama uzi mmoja kwa karibu. Katani! Mwanangu akasoma maneno yaliyoandikwa ukutani, akaniambia, "Ndiyo baba, wanasema ni mkonge. Huyu mama alikuwa anaokota kamba kuukuu za meli bandarini, anazifumua, anazitia rangi, anafuma upya."

Jina la mama huyo ni Magdalena Abakanowicz. Alikuwa Mpolandi, mtu wa nchi ile ile ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania mwaka 1990. Alizaliwa mwaka 1930 karibu na mji wa Warsaw, akafariki mwaka 2017. Alipokuwa msichana wa miaka 13, katika vita, askari wa Kijerumani waliingia nyumbani kwao wakampiga mama yake risasi, mkono wa mama ukakatika. Mwaka uliofuata, vita vilipofika ndani ya Warsaw, msichana huyo alikuwa akisaidia hospitalini kuhudumia majeruhi. Haya mwanangu alinisomea tukiwa tumekaa kwenye benchi, naye ni muuguzi. Sauti yake ilibadilika kidogo.

Baada ya vita alisoma katika chuo cha sanaa, akamaliza mwaka 1954. Nchi ilikuwa maskini na vitu vilikuwa haba. Alichora picha kubwa juu ya mashuka ya kitanda yaliyoshonwa pamoja, kisha akaingia katika kufuma, akitumia kitanda cha mfumi kilichokuwa katika chumba cha chini cha fundi mwingine, Bibi Maria Łaszkiewicz. Mwaka 1962 kazi yake ilionyeshwa katika mji wa Lausanne, Uswisi, pamoja na za wafumaji wa nchi nyingi. Wengine walishangaa na wengine walichukia, kwa maana walizoea kwamba kitambaa cha kufuma kinapigwa ukutani, kiwe laini na chenye picha nzuri ya bustani au ya wafalme. Cha huyu kilikuwa kizito na kinakwaruza. Mwaka 1965 akapata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya São Paulo, Brazili. Baadaye akakiondoa kitambaa ukutani kabisa, akakining'iniza katikati ya chumba, watu wakizunguke. Hapakuwa na jina la vitu vya namna hiyo. Basi wakaviita Abakani, kwa jina la mwenyewe.

Sisi tumezoea kwamba sanamu ni kitu kigumu, jiwe, mti au plasta, kama sanamu ya Bikira Maria iliyo kanisani. Siku hizi, tangu kama miaka ya 1960, wako mafundi wengi wanaofanya sanamu laini za nguo, pamba, kamba na magunia. Mwanangu alinieleza habari za Mmarekani mmoja, Claes Oldenburg, ambaye mwaka 1962 alifanya hambaga kubwa ya turubai iliyojazwa sponji, mtu akiweza kulala juu yake kama godoro. Na aliyekuwa akimshonea kazi zake za namna hiyo ni mkewe. Yeye aliifurahia sana habari hiyo. Mimi nilimwambia kwamba mke yule alistahili kutajwa kwanza.

Lakini nisiwachoshe. Katika chumba kile kulikuwa na Abakani moja nyekundu, aliyoifanya mwaka 1969. Urefu wake ni karibu mita 4, na upana wake vile vile. Ni kama duara kubwa, na katikati mikunjo imetokeza mbele, mtu hajui kama ni jeraha au ua. Katani tupu, nyekundu, nzito, yenye manyoya.

Mwaka 1969, ndugu wasomaji, baba yangu alikuwa nyuma ya nyumba Korogwe na vidole vyake vitatu, anachemsha magome katika debe.

Sitasema kwamba kamba zile za meli zilitoka kwetu. Kamba haisemi ilikokatwa, na mkonge hulimwa Brazili pia na kwingineko. Lakini miaka ile nchi iliyoongoza kwa katani ni yetu, na meli za dunia zilifungwa gatini kwa jasho la watu wa Songea, Njombe na Kigoma. Nilisimama pale nikihesabu. Huyu mama wa Polandi aliona kamba iliyotupwa, imelowa mafuta na chumvi, akaona kwamba inastahili chumba kizima. Mimi nililetewa zulia lililofumwa kwa ajili yangu, nikalipeleka bandani. Machozi yakanitoka. Mlinzi wa jumba, msichana mwenye heshima, akaja kuuliza kama naumwa. Mwanangu akamwambia kwamba mimi natoka Tanga. Sijui kama jibu hilo lilimtosha.

Wakati wa kutoka nilikuwa nimefika karibu sana, mkono umenyooka. Msichana yule akaniambia kwa upole kwamba hairuhusiwi kugusa. Nikaurudisha mkono mfukoni.

Mwanangu aliponiona nimeguswa hivyo alinunua kitabu chenye picha za kazi nyingine za mama yule, nami nimekuja nacho. Humo nimeona kazi iliyonishika kuliko zote. Kati ya mwaka 1976 na 1980 alichukua magunia, akayalowesha dawa ya kugandisha, akayabandika juu ya umbo la mwili wa mtu. Gunia lilipokauka likabaki na umbo la mgongo. Akafanya 80. Ni migongo 80 ya watu waliokaa wameinama, hawana vichwa, ndani ni mvungu, na kila mmoja ni tofauti kidogo na mwenzake. Watu walipoviona walimwuliza, je, hii ni kambi ya Auschwitz? Je, ni ibada ya huko Peru? Naye aliwakubalia wote, kwa kuwa alisema habari ya binadamu popote alipo. Auschwitz Wakatoliki tunapafahamu, ndiko alikofia Mtakatifu Maksimiliani Kolbe mwaka 1941. Mwaka 1980 mama yule alipeleka katika maonyesho ya Venice vitu vingine vya magunia vipatavyo 800, vikubwa na vidogo, kama mawe au viazi au vifuko vya mdudu, vimelazwa chini. Gunia! Katika Maandiko Matakatifu gunia ni vazi la toba, na mfalme wa Ninawi alivua joho lake akalivaa. Sisi tunatilia mahindi.

Nilikumbuka pia kwamba Mungu alipomwagiza Musa kutengeneza hema, hakutaja dhahabu peke yake, bali na mapazia ya singa za mbuzi, na wanawake wenye ustadi wakazisokota singa zile. Nimekuwa mwalimu wa dini kwa miaka mingi, na mstari huo nilikuwa naupita haraka ili nifike kwenye sanduku la agano.

Tulirudi nyumbani katikati ya Kwaresima. Baba bado yu hai, ana miaka zaidi ya 80, macho yamefifia kidogo, lakini akili ni nzima. Anakaa nasi tangu mama afariki. Jioni ya pili nilimkuta chini ya mwembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko Ulaya wanakula nini?"

Tukaongea ya chakula. Kisha nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya ile Abakani nyekundu bila kumwambia kitu. Akaishika simu kwa vidole vyake vitatu, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Katani hii," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Nimekaa nayo miaka mingapi?" Akatazama tena. Nikamfungulia kitabu, penye picha ya karibu zaidi. Akapitisha kidole juu ya karatasi kana kwamba anasikia nyuzi. "Tena hii ilikuwa kamba kwanza. Tazama uzi ulivyojikunja. Katani mpya haikunji hivyo. Amefumua kamba huyu."

Mimi nilihitaji maandishi ya ukutani na mtu wa kunisomea. Yeye aliona kwa macho mabovu.

Nikamfunulia ile migongo 80. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Hawa wanahesabiwa. Asubuhi kabla ya kwenda shambani tulikuwa tunachuchumaa hivi."

"Hawana vichwa, baba."

"Msimamizi alikuwa anapita nyuma," akajibu. "Alihesabu migongo."

Hapo nikaona kwamba nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia habari ya zulia, na banda, na nguruwe. Nikamwambia kwamba nilimwita mjumbe mbele ya wenzangu. Nilisema kwa kukatakata, mimi mzee mwenye wajukuu, nikitazama chini.

Baba hakukasirika wala hakushangaa.

"Nilisikia," akasema. "Sikuwa mbali. Korona ilichukua vidole, masikio iliniachia."

Kuku walikuwa wakipanda mtini kulala. Sikujua la kusema.

"Mama yako sikumwambia," akaendelea. "Aliniuliza kama ulilipenda. Nikamwambia ulilitandika mara moja, na wenzako wakaja kulitazama. Alifurahi sana."

Mama alifariki mwaka 2011. Kumbe muda wote ule alikuwa na zulia lile moyoni mwake, limetandikwa kando ya kitanda changu. Niliinama nikashika magoti ya baba, naye akaniwekea mkono kichwani kidogo, kama mtu anayejaribu kama jua limekausha nguo. Kisha akaniondoa, akakirudia kitabu.

"Rangi hii si ya mkoko," akasema. "Mkoko unaiva zaidi. Huyu katia nini?"

Nikasema sijui, pengine ni rangi ya dukani.

"Na mvua ikinyesha, wanazifunika? Katani na ukuta wenye maji havipatani. Itaanza kuoza kwa ndani, wao hawataona. Mwandikie mjukuu wangu awaambie."

Nimemwandikia. Amejibu kwamba atatafuta namna ya kuwaambia, lakini sina hakika kama atathubutu.

Jumamosi iliyofuata baba alinituma Tanga kutafuta magome ya mkoko. Sikuyapata siku hiyo, kwa maana mikoko siku hizi inalindwa na serikali, na si haki kuibandua ovyo. Nilipomweleza alisema serikali ina haki, akataka nimpatie magome ya mti mwingine aujuao, ulio karibu na mto. Katani nilinunua kilo 3 kwa mtu wa shamba. Tumechimbia miti minne nyuma ya nyumba. Macho yake hayawezi tena kuuona uzi vizuri jioni, kwa hiyo mimi nasokota, yeye anafuma. Paja langu limechubuka, nami nimeambiwa kwamba uzi wangu mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine, na kwamba karani hawezi kusokota. Zulia limefika shubiri mbili.